Njuga

Kituo chetu ni cha kumi na saba kutoka Sarai,
ukihesabu kwa farasi waliochoka, si kwa nyota.
Mahema mawili ya sufu, zizi, kisima chenye chumvi kidogo,
na mume wangu Toktabai, mwenye goti lisilokunjika.

Kazi yetu ilikuwa kusikia.
Tarishi akiwa bado mbali, kabla hata ya vumbi lake,
njuga za mkandani mwake zilisema: tandika.
Nikatandika.
Alifika, akaruka kutoka mgongo huu hadi mgongo huu,
akanywa kumisi amesimama kwenye vikuku,
akaonyesha kibao cha fedha,
na kabla sijafunga mdomo wa kiriba
alishakuwa nukta.

Enzi ya mama mkwe wangu jina la khan lilikuwa moja.
Aliolewa nalo, akazaa nalo, akang'oka meno nalo.
Mjukuu akikohoa, aliapa kwa jina hilo
kama mtu anayeegemea ukuta.

Kisha misafara ikaleta tauni kutoka mto Itil,
na baada ya tauni wakaja wana wa wafalme,
ambao sijui ni yupi kati yao alikuwa maradhi zaidi.

Masika moja tuliambiwa: semeni hivi.
Kabla wanakondoo hawajaachishwa ziwa
tukaambiwa: hilo msiliseme tena, semeni hili.
Toktabai hajui kusoma.
Alichonga alama kwenye nguzo ya kati,
kila khan mkato mmoja wa kisu.
Upande mmoja ukajaa. Akazunguka upande wa pili.
Dirhamu zikazidi kuwa nyepesi,
magamba ya samaki yenye maandishi,
na mchuuzi wa chumvi akaanza kuziuma
huku akinitazama mimi usoni.

Usiku mmoja wa theluji walifika wawili,
huyu kutoka mashariki, huyu kutoka magharibi,
kila mmoja na kibao chake, na khan wake,
na zizini nilikuwa na farasi mmoja tu wa maana:
Karager, jike la rangi ya chai iliyokolea.
Wakashika mapanga. Nikawawekea nyama.
Mkono wa panga ndio mkono wa kulia chakula,
hilo nimelijua tangu nikiwa msichana.

Mdogo wao, Eshbolat, alilala na mfupa kiganjani.
Yule mkubwa akachochea moto kwa muda mrefu,
halafu akaniuliza mimi, mke wa mtunza farasi:
"Huyu wangu, unadhani bado yu hai?"
Nikamwambia, tangu jana hajapita mtu.
Akacheka bila sauti.
Asubuhi wakapanda farasi wangu wabovu,
huyu mashariki, huyu magharibi,
kila mmoja akipeleka amri
ambayo huenda mwenyewe alishazikwa.
Karager walimwacha. Hakuna aliyetaka mwenzake ampate.

Hawakurudi. Wala hawakuja wengine.
Ni majira mawili ya baridi sasa.
Kodi hakuna anayeidai, jambo linalomtisha Toktabai
kuliko walipokuwa wanaidai kwa mijeledi.
Huamka usiku kuipapasa nguzo kwa kidole,
anahesabu, anafika mwisho wa mikato,
kidole kinabaki kwenye mti laini.

Eshbolat aliangusha ukanda wake wa njuga karibu na kisima.
Barafu ilipoyeyuka nikauokota.
Nikamvika mbuzi mweupe, yule mtoro,
nisije nikampoteza kwenye ukungu.

Kila mbuzi yule anapojikuna,
Karager, kizee sasa, mbavu nje,
anasimamisha masikio na kuligeukia lango.
Namcheka.
Namcheka nikiwa nimeshasimama,
mlangoni, peku kwenye umande,
tandiko mikononi.